Beki Asiyekumbukwa kwa Lolote

Nchi ninayoisimulia haipo. Msomaji akiona inafanana na anayoijua, basi macho yake yana kasoro na aende akapimwe, ingawa katika nchi hiyo daktari mkuu wa macho alikuwa mpwa wa waziri na alisomea kilimo cha pamba.

Mimi nilikuwa mshereheshaji wa serikali. Hakuna hafla iliyofanyika bila mimi kushika kipaza sauti. Nilizindua visima, nikavizindua tena vilipokauka. Nilimpokea Rais anapotoka safarini asubuhi na kumuaga anaposafiri mchana wake. Kwa hiyo haya si ya kusikia. Niliyaona kwa macho yangu, tena kutoka safu ya mbele, ile yenye maji ya chupa.

Wananchi wetu walipenda kandanda kuliko chakula, na hiyo ilikuwa bahati njema, maana kandanda ilikuwepo. Timu ya taifa iliitwa Nyumbu. Rais mwenyewe ndiye aliyechagua jina hilo, kwa sababu nyumbu, alivyotufafanulia, hawaulizi mtoni kuna nini, wao huvuka tu. Tulifungwa mara nyingi, lakini tulifungwa kwa nidhamu, na baada ya kila kipigo Wizara ya Michezo, Shangwe na Maombolezo ilitutangazia kama tushangilie au tulie. Wizara ilikuwa moja ili kubana matumizi.

Juu ya kilima, mahali palipokuwa pametengwa kwa ajili ya wodi ya wazazi, tulijenga Jumba la Mashujaa wa Kandanda. Wajawazito walielezwa, wakaelewa.

Anayeingizwa humo alichongewa sanamu, akatungiwa wimbo, na zaidi ya yote alipata haki ya kutibiwa katika Hospitali ya Ikulu, ile yenye dawa. Sisi wengine tulikuwa na hospitali yetu ya umma, nayo ilikuwa na daktari bingwa mzuri sana. Alikuwa masomoni.

Msitudhanie kwamba tulikuwa tunagawa ushujaa ovyo. Shujaa wa kwanza alikuwa Hemedi Pachoto, mshambuliaji aliyeingia uwanjani mara moja tu katika maisha yake. Aliinama kufunga kamba ya kiatu, mpira ukampiga mgongoni ukazama wavuni, tukawafunga majirani. Sanamu yake imeinama mpaka leo, na wageni wa kitaifa hupigwa picha nyuma yake. Kando yake yuko kipa Mlawa, aliyefungwa mabao mengi katika mechi moja hata watu wazima wakajifunika khanga za wake zao barabarani wakilia. Huyo aliingizwa kwa kuliunganisha taifa katika msiba.

Hapo ndipo lilipokuja suala la Komeo.

*

Jina lake hasa ni Shomari Kilindo. Alicheza beki wa kushoto kwa misimu kumi na saba. Makocha walikuja wakafukuzwa, viongozi wa chama cha soka walifungwa jela, wakatoka, wakachaguliwa tena kwa kura nyingi zaidi, na Komeo alikuwa yuko kushoto. Hakuwa na mbio za kutisha, wala hakuwa mzito. Hakuwahi kupewa kadi nyekundu. Hakuwahi kufunga bao, ila siku moja nusura. Mawinga wa timu pinzani wakishamwona walihamia upande wa pili, ambako beki wetu wa kulia alikuwa shemeji yake katibu mkuu wa wizara, na huko ndiko mambo yalikokuwa yakitokea. Basi watu walikumbuka kulia.

Sasa alikuwa amestaafu na hawezi kusimama. Goti la mguu wa kushoto lilikuwa limegoma kabisa. Kwenda msalani alimwegemea mkewe, Bi Siwatu, mwanamke wa miraba minne aliyewahi kudaka mipira ya netiboli katika timu ya magereza, tena anayezungumza na wakubwa kama anavyozungumza na wauza mkaa. Daktari mmoja kijana, kabla hajakimbilia ng'ambo, aliwaambia kwamba goti lile linatengenezeka, ila vifaa viko Hospitali ya Ikulu tu, na Ikulu hutibu mashujaa tu.

Bi Siwatu akamwinua mumewe, akamvalisha jezi, akampakia kwenye mkokoteni wa jirani, akamleta Jumbani. Niliwapokea mlangoni. Nilimuuliza Komeo, kwa ajili ya utambulisho, anataka heshima hii kwa sababu gani.

"Nataka kusimama, bwana mdogo," akaniambia. "Sanamu waweke wasiweke."

Nilimshauri asiliseme hilo ndani.

*

Utaratibu wetu wa kumpima mtu uliitwa Kusimuliwa, na nauona kuwa wa haki kuliko mingi. Mwaniaji huketi katikati ya ukumbi juu ya kigoda, ndani ya jezi yake ya zamani, bila kufungua mdomo. Wajumbe wa Kamati husimama mmoja mmoja, na kila mjumbe husimulia jambo moja alilomwona mwaniaji akilifanya. Akipatikana mtu wa kutoa chozi, mwaniaji amepita. Mwaniaji akijaribu kuwakumbusha, ametoka, kwa sababu wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Jenerali mstaafu Lugakanya. Alichaguliwa kwa kutopendelea upande wowote, maana hakuwahi kutazama mechi hata moja, na kwa muda mrefu aliamini kuwa kandanda huchezwa na farasi. Mshauri wake alikuwa Profesa Ndyanabo, Profesa wa Ukubwa katika chuo kikuu chetu, mtu mwembamba aliyekuwa akifumba macho anapozungumza ili asivurugwe na wanaomsikiliza.

"Itifaki imezingatiwa," akasema Jenerali. "Anayekumbuka jambo la mwaniaji huyu na asimame."

Hakusimama mtu. Feni ikazunguka. Mjumbe wa kanda ya kati, aliyekuwa karibu na sinia la sambusa, akaona anatazamwa, akainuka huku anajifuta vidole.

"Mimi namkumbuka. Alikuwa kushoto."

"Endelea."

"Alikuwa kushoto kwa muda mrefu."

Akakaa, akapigiwa makofi kidogo. Mjumbe wa pili akasema kwamba yeye, mpira ulipokuwa ukielekea upande wa Komeo, ndipo alipokuwa akitoka kwenda kununua karanga, kwa sababu alijua hakitatokea kitu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kurudi akakuta kimetokea.

"Basi hiyo ni sifa," akanong'ona mtu.

Profesa akafumba macho.

"Waheshimiwa, tuwe makini kitaaluma. Ukubwa ni tukio. Kudumu si ukubwa. Mlango wa nyumba yangu umedumu tangu nioe. Je, niuchongee sanamu?"

"Wezi wamewahi kuingia?" akauliza mjumbe wa kanda ya kati.

"Hawajawahi."

"Basi."

"Basi nini?"

Mjumbe akarudi kwenye sambusa. Profesa akaendelea kufafanua kwamba beki anayezuia hatari hadi hatari yenyewe haionekani amelinyima taifa ushahidi, na kwamba kwa hesabu yake Komeo alikuwa mchezaji mzuri wa kiwango cha kutisha, lakini kutisha huko hakukumtisha yeyote. Kulikuwa na tofauti, akasema, kati ya mchezaji mzuri sana na mchezaji mkubwa, na tofauti hiyo ni kwamba mkubwa tunamjua.

Komeo alikaa kigodani ameinamisha kichwa, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Niliwahi kuona mabibi harusi wenye furaha zaidi. Jenerali alikuwa ameshainua nyundo ili amkatae mtu wa watu, ndipo Bi Siwatu akainuka kutoka benchi la wageni, mahali ambapo mgeni huruhusiwa kuketi tu.

"Mnatafuta cha kukumbuka?" akasema. "Sogeeni hapa."

"Mama Riziki, acha," Komeo akamwambia mkewe chini kwa chini. "Utatuharibia."

"Wewe umekatazwa kusema, nyamaza. Mimi sikukatazwa."

Akapiga magoti mbele ya kigoda, akamkunja mumewe suruali.

Sipendi kueleza vitu vya namna ile katika hadithi ambayo huenda ikasomwa wakati wa kula. Goti lilikuwa kubwa kama papai, jeusi upande mmoja na la zambarau upande wa pili, na pia ya goti ilikuwa imehama, imekaa pembeni kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. Bi Siwatu akasema goti lile lilivunjika Komeo akiwa bado kijana, katika mechi ambayo hakuna anayeikumbuka. Daktari wa timu, ambaye alikuwa mganga wa mifugo, alilifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli akasema cheza. Alicheza nalo misimu yote iliyofuata. Kabla ya kila mechi yeye Siwatu alilikanda kwa maji ya moto na chumvi, na mumewe akiuma ukosi wa shati ili majirani wasisikie.

"Alikuwa akitoka hapo anakwenda kukaa huko kushoto mnakokusema," akamaliza. "Nyinyi mkinunua karanga."

Kisha ikasikika sauti ngeni, kama ya debe linalokwaruzwa. Alikuwa Jenerali. Hakuwahi kufika vitani katika utumishi wake wote, na lile lilikuwa jeraha lake la kwanza kuliona kwa karibu. Alilia mpaka nishani zikagongana kifuani. Mpiga chapa wa Kamati akazimia.

"Sasa hilo," akasema Profesa, amefumbua macho kwa mara ya kwanza, "ni tukio."

Komeo akapitishwa kwa kauli moja. Bi Siwatu akapiga kigelegele kimoja, kirefu, na nikiri kwamba hata mimi nilifurahi. Nilimwona Komeo akijaribu kuinuka awashukuru, akashindwa, akacheka.

*

Sherehe ya kumtangaza ilihudhuriwa na Waziri wa Michezo, Shangwe na Maombolezo, Mheshimiwa Daktari Gaudensi Mpwapwile. Alikuwa na hotuba mbili mfukoni, ya furaha na ya huzuni, akatoa zote.

"Ndugu wananchi," akasema, "goti hili si la Komeo tena. Ni goti langu. Ni goti lako. Ni goti la mkulima, la mfanyakazi na la mwekezaji. Kila mmoja aliyepo hapa na ashike goti lake." Uwanja mzima ukashika magoti. "Mmesikia? Linagonga. Huo ndio moyo wa taifa." Kisha, kwa mamlaka aliyopewa na yale aliyojichukulia, akalitangaza goti la kushoto la Shomari Kilindo kuwa Kumbukumbu ya Taifa, lenye hadhi sawa na mnara wa uhuru na kiti alichokalia Rais wa kwanza alipoumwa malaria.

Nilimpa Komeo kipaza sauti. "Nashukuru," akasema. "Naomba sasa nitengenezwe nisimame." Watu walishangilia sentensi ya kwanza kwa nguvu hata ya pili haikusikika, na bendi ikaanza.

Kesho yake alilazwa Hospitali ya Ikulu. Nilikwenda na mpiga picha wa serikali. Kitanda kilikuwa na shuka mbili, dirisha lilikuwa na kioo, na uji ulikuwa na maziwa. Bi Siwatu alikuwa anazunguka akigusa vitu kuhakikisha ni vya kweli. Daktari wa upasuaji, Msangamale, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, akamwambia Komeo kwamba ni kazi ya asubuhi moja, na mwezi utakapoandama atakuwa anatembea mwenyewe kwenda msikitini.

"Nitasimama swala nzima?" Komeo akauliza.

"Nzima, mzee wangu. Na sunna zake."

Komeo akageukia ukutani. Mabega yakamtikisika kidogo, na mkewe akasimama mbele yake ili mpiga picha asipate picha.

Asubuhi, dawa ya usingizi ikiwa tayari imeandaliwa, akaingia mwanasheria wa Jumba la Mashujaa akihema. Akamkumbusha daktari Sheria ya Kumbukumbu za Taifa. Ilikuwa sheria nzuri. Ilitungwa baada ya mwashi mmoja, kwa uzalendo uliopitiliza, kuinyoosha pua ya sanamu ya Rais wa kwanza. Ilisema kwamba ni marufuku kwa mtu yeyote kukarabati, kupaka rangi, kuchonga, kusogeza au kunyoosha kumbukumbu ya taifa, na adhabu yake ni kifungo.

"Lakini hili ni goti," akasema daktari.

"Ni kumbukumbu."

"Ni kumbukumbu inayouma."

"Basi ndiyo maana inakumbukwa," akajibu mwanasheria, wala hakuwa anafanya mzaha. Kijana yule hakuwa na mzaha hata chembe, ndiyo maana alipanda cheo.

*

Bi Siwatu alirudi mbele ya Kamati. Akasema wamkumbuke mumewe kwa kitu kingine, chochote, ili goti liachiliwe. Kamati haikumfukuza. Watu husema viongozi wetu hawasikilizi. Huo ni uzushi. Walikaa tena, wakaagiza sambusa, wakasimama mmoja mmoja wakakuna vichwa kwa dhati. Mjumbe mmoja alisema Komeo alikuwa akirusha mpira vizuri, lakini ikaonekana anamchanganya na mtu mwingine.

"Mama," akasema Profesa kwa upole, "tukilinyoosha goti, tutabaki na nini? Tutabaki na mtu aliyekuwa kushoto."

"Basi mtoeni. Mnirudishie mume wangu wa kawaida."

"Mtu wa kawaida hatibiwi Ikulu."

"Na shujaa?"

"Shujaa anatibiwa Ikulu. Isipokuwa mahali alipo shujaa."

"Mnajisikia mnavyosema?"

Jenerali akasema kwamba yeye binafsi hasikii vizuri sikio moja. Akaongeza kwamba kujiuzulu ushujaa ni uhaini na kwamba anamwonea huruma sana, kisha akatoa leso.

Tangu siku hiyo Komeo akawa analetwa Jumbani kila mwisho wa juma, akakalishwa kwenye kiti chenye kamba ya buluu mbele yake, suruali imekatwa mguu mmoja. Shule zilikuja kwa mabasi. "Hili ndilo goti," walimu walikuwa wakiwaambia wanafunzi, na mwanafunzi akiuliza yule babu aliye juu ya goti ni nani, aliambiwa asitoke nje ya mada. Kabla ya kila mechi Nyumbu wote walipita kulisugua kwa viganja kutafuta baraka. Wakafungwa, wakaja kulisugua kwa nguvu zaidi. Bi Siwatu alileta chupa ya maji ya moto na chumvi, walinzi wakamzuia getini, kwa kuwa maji huharibu malikale. Aliomba japo kidonge cha maumivu. Mwanasheria akashauri kwamba kidonge kingepunguza uhalisia.

Sikuwahi kumsikia Komeo akilalamika. Alikuwa akikaa vilevile alivyokuwa akicheza. Siku moja tu, nikipita na kipaza sauti changu, aliniita.

"Bwana mdogo, nimwombe ruhusa nani, kamba hii iwekwe mbali kidogo? Wananibana."

Nilimwahidi kulifikisha. Nililifikisha, na kamba ikasogezwa karibu, maana alikuwa amesikika akisema watu wanapenda kulibana.

Basi viganja vingi vina uchafu mwingi. Goti likapasuka, likatoa usaha, na harufu yake ikafika hadi kwenye sanamu ya Pachoto. Daktari Msangamale aliitwa. Alinusa, akakaa chini.

"Mguu umeoza," akasema. "Ukiachwa wiki hii, mtu huyu atakufa."

*

Hapa ndipo serikali yetu ilipoonyesha kwamba si ya mawe. Mwanasheria alikesha na sheria yake, na asubuhi akatokea ana furaha kama mtoto wa sikukuu. Kukarabati kulikatazwa, kusogeza nako, ni kweli. Lakini kipengele cha mwisho kiliruhusu kumbukumbu iliyo hatarini kuhamishwa nzima kutoka mahali inapotishiwa kwenda mahali salama, kwa kibali cha Waziri. Na mahali inapotishiwa, akaeleza, palikuwa ni Komeo.

Waziri akatoa kibali kabla hajamaliza chai.

Komeo alielezwa yote. Akauliza swali moja tu. "Nikishakatwa nitasimama?"

"Kwa magongo," akasema daktari, hakumtazama usoni. "Kidonda kikitunzwa kikapona, utasimama."

"Basi kateni."

Upasuaji ulifana. Ulikuwa ndio wa kwanza katika historia ya Hospitali ya Ikulu ambao mgonjwa na kiungo walitoka wazima kila mmoja kwa upande wake. Mguu ulitolewa kwa mlango wa mbele, ndani ya sanduku la mvule, ukapakiwa kwenye gari jeusi lenye bendera, pikipiki zikatangulia na ving'ora. Watu walijipanga barabarani. Wengine walilia kabla Wizara haijatangaza.

Bi Siwatu alibaki ndani akingoja mtu wa kumfunga mumewe kidonda upya, maana damu ilikuwa inapita. Alipomwita muuguzi, muuguzi alisimama mlangoni akashangaa.

"Mama, shujaa si ameshaondoka?"

"Shujaa ni huyu."

"Aliyetangazwa ni goti, mama. Huyu ni nani yake?"

Wakaenda kuuliza ofisini, na ofisi ikathibitisha. Hospitali ya Ikulu ni ya mashujaa, na shujaa alikuwa ameshafika Jumbani, amepewa chumba chake cha baridi, jenereta lake na wahudumu wa zamu. Komeo alihamishiwa hospitali ya umma, akalala kitanda kimoja na fundi bomba mwenye homa ya matumbo, kichwa huku miguu kule, na fundi bomba akashukuru kwamba nafasi ilikuwepo. Daktari bingwa bado alikuwa masomoni. Magongo yaliyochongwa na serikali yalikuwa ya mpingo, yenye nakshi, mazuri ajabu. Yakawekwa kando ya mguu, ndani ya kioo.

Nilimwendea Bi Siwatu pale koridoni siku waliyohamishwa. Nilitaka kumpa pole. Nilisikia aibu ambayo sikujua niiweke wapi, nikaenda zangu, maana nilikuwa na ratiba ya kuandaa.

*

Ratiba ilikuwa ya ufunguzi wa chumba cha mguu, na mgeni rasmi alikuwa Rais. Ukumbi ulijaa. Mabalozi walikuwepo, masheikh na maaskofu walikuwepo, Pachoto mwenyewe alikuwepo akiwa amenenepa. Watu wa kawaida waliruhusiwa kusimama au kuketi kwenye mabenchi ya nyuma, na huko ndiko Bi Siwatu alikoingia, amembeba mumewe mgongoni kama abebwavyo mtoto mkubwa anayeumwa. Komeo hakuwa na uzito tena wa kumshinda mtu. Nadhani alitaka tu kuuona. Mtu akiwa amekaa na kitu umri wote, ana haki ya kukitazama.

Profesa alihutubia. Alisema kwamba mjadala mrefu wa taifa, kama mchezaji imara aliyedumu anastahili kuwekwa pamoja na wakubwa, sasa umepata jibu la kisayansi. Jibu ni ndiyo, kwa sehemu.

Rais akavuta pazia. Nami, kwa sauti ile niliyojaliwa, nikasema: "Mheshimiwa Rais, waheshimiwa wote, mabibi na mabwana, tusimame kwa heshima ya shujaa wetu, Komeo."

Ukumbi ukasimama. Katika kimya kile kila mtu aliona kwamba kwenye benchi la nyuma kuna mmoja ameketi. Tulikuwa na amri kuhusu hilo. Kutomsimamia shujaa ni kumtukana, na kumtukana shujaa ni jela. Afisa usalama akamfikia kwa hatua za taratibu, maana Rais alikuwepo.

"Mzee, simama."

"Siwezi, mwanangu."

"Wote tumesimama. Wewe una nini?"

"Hana mguu," Bi Siwatu akasema. "Mguu wake ndio ule mnaousimamia."

Afisa akageuka akautazama mguu ndani ya kioo, umemulikwa na taa, umelala juu ya mahameli. Akarudi kumtazama Komeo, jezi imemlegea, suruali imefungwa fundo. Ungedhani atasema neno. Lakini alikuwa mtu wa kazi.

"Nimekwambia simama."

Komeo akajaribu. Mimi nilikuwa mbele, nilimwona vizuri. Alishika benchi la mbele yake kwa mikono miwili, akajivuta, akafika nusu, uso umejaa jasho, na kwa kitambo kidogo nilidhani atafika. Kisha akaanguka kati ya mabenchi, na kidonda kikafumuka. Bi Siwatu hakupiga kelele. Alianza tu kumfuta kwa upande wa khanga yake. Askari wawili wakaja wakambeba kwa makwapa wakamtoa, na mkewe akafuata nyuma amemshikia fundo la suruali lisiburuzike.

Rais alisikia purukushani, akaniinamia akaniuliza ni nini kule.

"Ni mwananchi mmoja, Mheshimiwa," nikamjibu. "Amekataa kumsimamia Komeo."

Rais akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Watu wengine hawana shukrani," akasema.

Nikakirudia kipaza sauti, nikawaomba wageni waketi.